Mtoto wa Mgongoni Naye Aandikwe

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, nauli za vivuko vya visiwani zipandishwe ili huduma iwe bora? Nilidhani jibu langu litakuwa fupi kama swali lenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichoko kaskazini ya Ukerewe, na ingawa kazi imenileta Mwanza mjini, mzazi wangu na makaburi yetu wako kule. Niliandika neno moja, hapana, kisha nikabaki nalitazama, kwa sababu kila nilipotaka kulieleza nilijikuta ninaeleza jambo jingine.

Nianze hata hivyo na hapana hiyo, kwa kuwa bado ninaiamini kwa sehemu kubwa. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2012, nauli ya mtu wa miguu kati ya Magogoni na Kigamboni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akasema asiyeweza kulipa apige mbizi. Kauli ile iliwaudhi watu wengi wa Dar es Salaam, na walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini sisi wa visiwani tuliisikia kwa sikio jingine kabisa. Mtu wa Kigamboni, pamoja na uchungu wake wote, alikuwa na barabara ya kuzungukia Kongowe, ndefu na yenye gharama, ila barabara. Ukara haina Kongowe. Mgonjwa wetu akiandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, anavuka kwanza kutoka Bwisya hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, kisha anavuka ziwa tena kwa meli hadi Mwanza, au anakwenda Rugezi kuvuka kivuko cha Kisorya na kuendelea kwa basi kupitia Bunda. Kwa vyovyote vile anavuka maji mara mbili akiwa amelala, na anayemsindikiza analipa mara mbili kama yeye.

Tena nauli ya kivuko haiishii kwa abiria. Mfuko wa saruji, bati, kreti la soda, katoni ya madaftari ya shule, vyote hulipiwa kuvuka, na mwenye duka hawezi kuibeba gharama hiyo peke yake, kwa hiyo ajuza wa Ukara ambaye hajatoka kisiwani kwa miaka kumi analipa nauli ya kivuko kila anaponunua kipande cha sabuni. Ndiyo maana ninawashangaa wanaosema kuwa nauli ni suala la wasafiri.

Hoja ya upande wa pili ninaijua. Wanaoendesha vivuko husema kuwa makusanyo hayatoshi mafuta, vipuri vya injini na gharama za kukipandisha kivuko kwenye chelezo, na kwamba fedha isipotoka kwa abiria haina budi kutoka hazina, ambako inashindana na madarasa na zahanati. Hilo ni kweli. Lakini hazina hiyohiyo ndiyo iliyojenga daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, nasi tulilishangilia kama wenzetu wa Sengerema na Geita, maana ndugu zetu wamekwisha kufia kwenye foleni ya kivuko pale. Mombasa, mtu wa miguu anavuka kwa kivuko cha Likoni bila kulipa hata senti, na serikali ya Kenya inaubeba mzigo huo. Unguja nako, boti za kwenda Dar es Salaam zina wageni wanaotozwa nauli ya juu huku mwenyeji akilipa nafuu kuliko mgeni. Sisi hatuna mgeni wa kulipa nauli ya juu. Abiria wetu ni mchuuzi wa dagaa, mwanafunzi, mwalimu anayefuata mshahara, na mgonjwa.

Mpaka hapo ningeweza kutia saini na kuituma barua. Kilichonizuia ni safari moja ya mwaka 1999, ambayo sikuwahi kuihusisha na nauli mpaka mlipouliza.

Nilikuwa darasa la tano. Wakati huo tulivuka kwa boti za mbao zenye injini, na siku hiyo mama alikuwa anakwenda gulioni Bugolora na viroba viwili vya dagaa, mimi nikiwa nimebeba kimoja kichwani, na mdogo wangu wa miaka miwili akiwa mgongoni kwake, amefungwa kwa khanga. Tulifika mwaloni kabla ya jua. Upepo ulikuwa bado wa nchi kavu, maji yametulia, na boti imevutwa karibu kiasi kwamba watu waliingia majini hadi magotini tu. Karani alikaa kwenye ubao wa mbele na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kalamu iliyofungwa uzi shingoni mwake isianguke ziwani. Kila aliyelipa aliandikwa. Daftari lile lilikuwa la mwenye boti, na kazi yake ilikuwa moja: jioni, mistari ilinganishwe na fedha.

Mama alilipa nauli yake na nusu nauli yangu, halafu akamwambia karani aandike na jina la mtoto. Karani alimtazama, akamjibu kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, "Mama, mtoto wa mgongoni halipiwi."

"Sijauliza nauli, mwanangu. Nimekuomba uandike jina."

Karani akainama, akaandika kitu, akageukia mtu mwingine. Mama hakujua kusoma. Alinishika bega akanisogeza mbele, akaniambia nisome mstari wetu kwa sauti. Nikasoma jina la mama, nikasoma langu, na baada ya langu nikasoma yale yaliyoandikwa: "mtoto 1".

Mama hakusogea. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika, maana wachuuzi walikuwa wanataka kuwahi nafasi nzuri gulioni, na mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto wawili wadogo akasema kwa sauti kwamba wenzake wanaficha watoto wasilipiwe na huyu anatafuta kulipa. Karani akaeleza kwamba hawezi kuandika jina kamili bila fedha, kwa kuwa mwenye boti akiona jina ataidai nauli yake kwake yeye karani. Hapo nikaona mama akifungua pindo la khanga, lile fundo dogo alimowekea sarafu, akatoa nusu nauli nyingine akaiweka juu ya daftari lenyewe. Karani akaandika. Mama akanirudisha nisome tena. Safari hii jina la ubatizo la mdogo wangu lilikuwepo. Mama akasema, "Na la baba yake." Karani akaongeza la baba. Mama akasema, "Na Bwisya." Likaongezwa na hilo, kwa herufi zilizobanwa pembeni ya ukurasa kwa sababu mstari ulikuwa umekwisha.

Nilikasirika sana siku ile, na hasira hiyo naikumbuka vizuri kuliko safari yenyewe. Sarafu zile zilikuwa za andazi langu na nusu kilo ya sukari, na sukari haikununuliwa. Tulivuka salama. Hakuna lililotokea njiani. Mdogo wangu alilala safari nzima, watu walizungumzia bei ya dagaa, tukashuka Bugolora miguu ikiwa imelowa. Jioni, wakati wa kurudi, karani alikuwa mwingine, na mama akaanza upya tangu mwanzo, akalipa tena, nami nikasoma tena.

Nilipomuuliza usiku kwa nini anatupa fedha, alinitajia jirani yetu, ambaye mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Meli ile ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, na orodha ya abiria iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la nauli ya chini, halikuwa na orodha. Jirani yule hakuwa na mahali pa kulitafuta jina la mdogo wake. Idadi kamili ya waliokufa siku ile haijawahi kujulikana mpaka leo, wengine wakitaja mamia, wengine wakikaribia 1,000, na tofauti kati ya hesabu hizo ni watu kama yule mdogo wa jirani, waliolipa kidogo.

Mama hakuwa anazungumza nadharia. Alikuwa ameelewa kwamba mahali ambapo jina huandikwa kwa sababu ya fedha, asiyelipiwa haandikwi.

Nawaomba sasa mnivumilie niende Septemba 2018. MV Nyerere, kivuko chetu cha kati ya Bugolora na Bwisya, ilipopinduka tarehe 20 ikiwa imebakiza mita chache tu kufika Bwisya, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Watu walikuwa wanarudi gulioni, Bugolora ileile. Idadi ya waliokufa ilipanda siku hadi siku hadi kufikia 228. Na katika siku za kwanza, viongozi walipoulizwa ni watu wangapi walikuwa ndani, walishindwa kujibu, kwa kuwa aliyekuwa akikata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine ya tiketi ilipotelea majini. Nilipolisikia hilo nilikuwa kazini Mwanza. Nililikumbuka daftari la shule na kalamu yenye uzi, nikaona kwamba kwa miaka yote ya mabadiliko, kutoka daftari hadi mashine, hesabu ya watu wetu bado ilisafiri ndani ya chombo kilekile kilichowabeba.

Hapa ndipo hapana yangu ilipoanza kulegea. Miaka yote tumeipima siasa ya nauli kwa shilingi peke yake. Mgombea anapopanda jukwaani Bwisya akaahidi kuwa nauli haitapanda, tunapiga makofi, na mimi nimepiga makofi hayo. Hatujawahi kumuuliza kama tiketi hiyo ya bei nafuu itakuwa na jina, kama nakala ya orodha itabaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa, na kama idadi ikifika kikomo cha chombo mtu anayefuata atazuiwa hata akiwa ni mjumbe au polisi. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tumekuwa washiriki. Tumewaficha watoto chini ya khanga tuokoe nusu nauli. Tumemsihi nahodha aongeze watu kumi kwa sababu jua linazama na gulio limechelewa, tukamwita mkali alipokataa. Ninaandika hili nikijua kuwa kuna waliofiwa watakaolisoma, na simlaumu hata mmoja wao, maana mtu huficha mtoto kwa sababu mfukoni hamna kitu.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo si lile nililokaa nalo mezani mwanzoni, ni kwamba ninaweza kukubali nauli ya mtu mzima ipande kidogo. Nasema kidogo, na nasema nauli ya mtu peke yake. Ada ya mzigo wa biashara ndogo, yaani kiroba, gunia na debe, isiguswe, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfikia ajuza dukani. Mgonjwa mwenye karatasi ya rufaa pamoja na msindikizaji mmoja wavuke bure kwenye maji yote mawili. Na nyongeza yenyewe isitozwe hata siku moja kabla hayajaonekana haya: orodha ya majina inayobaki ofisini gatini, jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa likiwemo la saizi ya mtoto, na tiketi ya mtoto wa mgongoni, ya shilingi sifuri, yenye jina lake. Hiyo ya mwisho nisingeiuza kwa punguzo lolote la nauli.

Sina hakika kama nimewatendea haki wale wanaovuka kila siku, kama walimu wanaoishi upande mmoja na kufundisha upande mwingine, au vibarua ambao nyongeza ya shilingi 100 kwenda na kurudi ni mboga ya jioni. Huenda wao wahitaji tiketi ya mwezi yenye punguzo, na huenda hata hiyo isitoshe. Mimi navuka mara nne au tano kwa mwaka, nina mshahara, na najua kuwa ni rahisi kwangu kusema ipande.

Jana jioni nilimsomea mama barua hii kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu nauli alisema nimekosea, isipande hata kidogo, watu hawana fedha, na kama serikali imeweza daraja basi itaweza na kivuko. Kuhusu tiketi ya mtoto aliniuliza swali moja, kama wataandika na jina la baba. Nikamwambia sijaandika hilo. Akasema liongezwe, pamoja na kijiji.