Gia Inachelewa Kushika

Swali: Corolla yangu ya mwaka 2002, yenye gia za otomatiki, huchelewa kuondoka niwekapo D, hasa baada ya foleni ya Daraja la Nyali. Fundi ataka kubadilisha giaboksi nzima. Je, nikubali? – Msomaji, Kisauni

Jibu: Ndugu msomaji, usikubali kabla ya kupima mafuta ya giaboksi, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto na ingali inanguruma, gia ikiwa kwenye P. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: yakiwa mekundu lakini yamepungua, tafuta yanapovujia, yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zinalika, na fundi wako huenda amesema kweli. Yakiwa safi na ya kutosha, hitilafu zisomwe kwa kompyuta, kwani solenoidi moja mbovu (vali ya umeme inayoongoza mafuta ndani ya giaboksi) huleta dalili hizo hizo.