Helikopta inapita juu ya kambi, kwa nini isitue?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro. Mgeni anapozidiwa na ugonjwa wa mwinuko akiwa karibu na kilele, mara nyingi tunaagizwa tumshushe kwa machela hadi kambi ya chini ndipo helikopta imchukue, ilhali tumewahi kuiona helikopta hiyohiyo ikiruka juu kuliko tulipo sisi. Kama inaweza kufika huko, kwa nini isitue tulipo? Na je, injini ikizimika angani, si itaanguka kama jiwe?

JIBU: Ndugu mwongozaji, nimefurahi umeuliza maswali haya mawili kwa pamoja, kwa sababu yana mzizi mmoja, na anayeuelewa mzizi huo ameelewa sehemu kubwa ya urukaji wa helikopta.

Helikopta hubaki angani kwa kusukuma hewa kwenda chini. Kila panga la rota, yaani ule mtambo wa mapanga unaozunguka juu yake, ni bawa jembamba, na linapozunguka huishika hewa iliyo juu yake na kuitupa chini. Kadiri hewa inavyotupwa kwa wingi na kwa kasi, ndivyo chombo kinavyosukumwa juu. Tuchukue mfano wa Airbus H125, ambayo kwa miaka mingi iliitwa AS350 na ambayo hutumika sana katika uokoaji wa milimani. Rota yake ina mapanga matatu na upana wa mita 10.69. Ikiwa na uzito wa tani mbili na imesimama angani mahali pamoja katika usawa wa bahari, hesabu inaonyesha kwamba hulazimika kupitisha takriban tani moja ya hewa kila sekunde, na hewa hiyo ikishapita rota hufikia kasi ya karibu mita 19 kwa sekunde. Ule upepo unaowarushia kokoto usoni mnapoisubiri ndio uzito wa helikopta wenyewe ukibebwa.

Sasa ipeleke helikopta hiyo kambi ya Barafu, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,670. Huko, hewa inayojaza nafasi ileile ina uzito wa kiasi cha asilimia 60 tu ya ile ya Tanga au Dar es Salaam, na kwenye kilele cha Uhuru, penye mita 5,895, imebaki zaidi kidogo ya nusu. Ili kubeba uzito uleule, rota haina budi kuitupa hewa hiyo nyembamba kwa kasi kubwa zaidi, na kazi hiyo inahitaji nguvu karibu robo zaidi ya ile iliyotumika pwani. Kwa bahati mbaya injini nayo hupumua hewa hiyohiyo: ikipata hewa kidogo, huchoma mafuta kidogo na kutoa nguvu kidogo. Mahitaji yanapanda huku uwezo ukishuka. Aidha, mzunguko wa rota hauongezwi hovyo. Rubani huongeza pembe ya mapanga kwa wenzo ulio mkono wake wa kushoto, na pembe hiyo ina ukomo, kwa kuwa ikizidi, hewa huachana na mgongo wa panga na nguvu ya kunyanyua hupotea.

Kuna jambo jingine ambalo ndilo jibu hasa la swali lako la kwanza. Kusimama angani mahali pamoja hula nguvu nyingi kuliko kusonga mbele kwa mwendo wa wastani. Helikopta inayosonga hukutana kila mara na hewa tulivu ambayo haijaguswa, na hivyo inapofikia mwendo wa kilomita 30 hadi 45 kwa saa tu, rubani huhisi chombo kikiwa chepesi. Ikisimama, hubaki ndani ya hewa ambayo tayari inateremka kwa sababu yake yenyewe. Ndiyo maana mliiona ikipita juu yenu: ilikuwa na nguvu ya kutosha kuruka huko, lakini haikuwa na ziada ya kusimama, kutua kwenye jabali lenye mteremko, kupakia mtu mwenye kilo 80 na kuondoka tena. Kutua pasipo uwezo wa kuondoka ni kuongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa.

Mkia nao una mipaka yake. Injini inapoizungusha rota kuu upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, na rota ndogo ya mkiani ndiyo inayouzuia, ikitawaliwa kwa pedali za miguuni. Kwenye hewa nyembamba, rota kuu inadai nguvu nyingi zaidi, na kwa hiyo ya mkiani inadaiwa kazi zaidi wakati nayo imepungukiwa hewa. Rubani anaweza kukanyaga pedali hadi mwisho na pua ikaendelea kugeuka. Ukiongeza upepo wa mgongoni unaobadilika ghafla nyuma ya mwamba, utaelewa kwa nini rubani mwenye busara hukataa kutua mahali ambapo kwa macho ya aliye chini panaonekana pazuri kabisa.

Siyo kwamba haiwezekani kamwe. Tarehe 14 Mei 2005, Mfaransa Didier Delsalle aliitua AS350 B3 juu ya kilele cha Everest, chenye mita 8,848, na kukaa hapo kwa dakika 3 na sekunde 50. Alikuwa peke yake. Hakuwa na mgonjwa wala muuguzi, na alikuwa ameusoma upepo wa eneo lile kwa makini. Kazi yake ilionyesha upeo wa chombo. Haikuwa kipimo cha uokoaji wa kila siku.

Nikija kwenye swali la pili: hapana, injini ikizimika helikopta haianguki kama jiwe, mradi rubani awahi. Kati ya injini na rota kuna klachi ya upande mmoja, ambayo injini ikifa huiachia rota izunguke yenyewe. Rubani hushusha mara moja wenzo wa kushoto ili mapanga yalale, na kuanzia hapo hewa haitoki tena juu kwenda chini. Chombo kinaposhuka, hewa hupanda kutoka chini na kuyazungusha mapanga, kama kititia cha ukuti kinavyozunguka mtoto anapokimbia nacho. Kwa kuwa rota ya mkiani imeunganishwa kwa gia na rota kuu, nayo huendelea kuzunguka, na rubani hubaki na usukani wake. Hushuka kwa kasi ya takriban mita 8 hadi 10 kwa sekunde huku akisonga mbele, akikaribia ardhi huinua pua kupunguza mwendo, kisha katika mita chache za mwisho huvuta wenzo juu na kutumia nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko wa rota kukilaza chombo chini. Nafasi hiyo ni moja tu, kwa sababu ukishaitumia, rota hupungua kasi na hakuna cha kuirudisha.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa tarehe 21 Juni 1972. Jean Boulet, rubani Mfaransa, alipanda na helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442, rekodi ya dunia, na huko injini ikazimika. Alishuka umbali wote huo bila injini, na akatua salama.

Hata hivyo, niseme wazi jambo ambalo baadhi ya watu hulipitia juujuu wanapotaka kuwatuliza abiria. Njia hii inahitaji ama kimo ama mwendo. Helikopta iliyosimama mita 30 juu ya ardhi bila kusonga haina hata kimoja kati ya hivyo viwili, na rubani ana sekunde moja au mbili tu za kutenda. Sasa unaona jinsi maswali yako yanavyokutana: kusimama juu ya kambi ya mwinuko mkubwa ni kutumia nguvu yote ya injini mahali ambapo, injini ikikosa, hakuna akiba.

Gharama hiyo ya nguvu ndiyo inayoamua pia helikopta itumike wapi. Penye uwanja, hata wa nyasi, ndege ya kawaida ni nafuu na huenda mbali zaidi. Madaktari wa shirika la afya la Amref walioanza kuruka mwaka 1957 walifika vijijini kwa ndege za mabawa. Helikopta huitwa pale ambapo ndege haina pa kutua: Beira nchini Msumbiji, Machi 2019, baada ya Kimbunga Idai, watu walipokuwa juu ya mapaa na miti; kaskazini mwa Kenya mwaka 2020, makundi ya nzige yalipopaswa kufuatwa yalikotua; au hifadhini, daktari wa wanyama anapohitaji kumfuata faru kwa karibu ili ampige sindano ya usingizi.

Kwa upande wako, mambo machache yatamsaidia rubani kuliko unavyodhani. Taja uzito wa kweli wa mgonjwa, na mkoba wake uache. Kilo 15 kwenye mwinuko huo zinaweza kuamua safari. Mshushe mgonjwa bila kusubiri, kwa kuwa kushuka kwenyewe ni tiba, na ile machela ya gurudumu moja ikifika mita 700 chini, huwa imeipa helikopta hewa nzito zaidi. Lengeni asubuhi, kabla ya mawingu, hewa ingali baridi na nzito. Kusanyeni mahema, magodoro na kofia mbali na eneo la kutua, na mtu mmoja asimame upepo ukimpiga mgongoni, akinyoosha mikono kuelekea pa kutua, ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Ikishatua, msiisogelee hadi mhudumu awape ishara. Pitieni mbele ambako rubani anawaona, kamwe msipite mkiani, na msiteremke kuielekea kutoka upande wa juu wa mteremko, kwa sababu upande huo mapanga hupita karibu na kimo cha kichwa.