Lile doa jeupe jichoni mwako

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba ulipokwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni, daktari alikuuliza lile doa jeupe kwenye jicho la kushoto lilitokana na nini, ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza mimi: lilitoka wapi, na je, lingezuilika?

Ni kapi la mpunga. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1994, huko Ifakara, nawe ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa napepeta, nawe umekaa upande unakoelekea upepo. Ulilia kidogo, ukalala. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, nikakudondoshea maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha, kama tulivyozoea wote. Siku ya pili nikanunua matone dukani bila mtu yeyote kukuangalia. Siku ya tatu nikaona weupe kwenye kioo cha jicho, ndipo nikakubeba mgongoni hadi hospitali. Jicho waliliokoa, kovu likabaki.

Swali lako la pili nimeishi nalo miaka mingi. Nilipokuwa mhudumu wa afya ya jamii, muuguzi mmoja wa macho alitusimulia mafunzoni utafiti uliofanyika Bhaktapur, Nepal, kwa wakulima kama sisi. Madaktari, akiwamo Madan Upadhyay, waliwatumia wahudumu wa vijijini. Mtu akija jicho limechubuka, mhudumu anampeleka kituo cha macho cha karibu, na daktari wa macho anampima. Kisha anapakwa marhamu ya kloramfenikoli, dawa ya bakteria, ya asilimia 1, mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Ni hayo tu, mwanangu.

Matokeo yalitoka mwaka 2001. Kati ya watu 442 waliochubuka, 424 walipona bila kupata kidonda cha jicho. Ila kilichonishika moyo ni saa. Walioanza dawa ndani ya saa 18 walikuwa 284, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Walioanza kati ya saa 18 na 24 walikuwa 109, wakaugua 4. Waliochelewa hadi siku ya pili walikuwa 49 tu, na 14 kati yao walipata kidonda. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahesabu saa zetu.

Sitaki kukudanganya kwa kujilaumu kupita kiasi. Katika utafiti ule hapakuwa na kundi la kulinganisha, la watu wasiopewa dawa. Tena kloramfenikoli huua bakteria, haiui kuvu, na kuvu hukaa sana kwenye majani na makapi. Huenda ndiyo iliyoingia kwako. Na matone yale ya dukani, kama yalikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yalipoza wekundu huku kuvu ikistawi ndani. Lakini uliniuliza kama lingezuilika, nami naamini hivyo: ningekupeleka jioni ile ile, huenda leo usingekuwa na doa. Nisamehe, baba.

Wajukuu wakija mwezi wa sita hawatakaa karibu na ungo. Na ukirudi kwa yule daktari, mwambie ni kapi la mpunga, na kwamba tulifika hospitali siku ya tatu.

Mama yako