Maswali na majibu: Umefungua kijitabu, au umekimbilia mwongozo?

Umeme umekaa siku tatu bila kukatika, na nyinyi mmeitumia nafasi hiyo kuniletea maswali ya gemu za zamani ambayo nusu yake nilishayajibu kabla ya Ramadhani. Nimechagua haya. Wanaouliza wapakue gemu za bure wapi, sijibu, na wiki ijayo pia sijibu.

Fundi, nimekwama. Nifanyeje? – Msomaji, Langoni

Gemu gani? Umekwama wapi? Una nini mkononi? Hata tabibu ukimwambia "naumwa" kisha ukanyamaza, atakurudisha kwenu.

Asalaam aleikum. Nimetia mwongozo wa maandishi wa kumaliza gemu ndani ya kadi ya kigemu changu cha mkononi cha inchi 3.5 ili nisome humohumo huku nacheza. Mistari imevurugika na ramani hazieleweki. Ni macho yangu au ni kigemu? – Mwalimu, Mkomani

Waaleikum salaam, mwalimu. Macho hayana kosa, na kigemu hakina kosa. Miongozo hii ya zamani, ile iliyojaa kwenye tovuti ya GameFAQs tangu 1995, iliandikwa na watu waliokaa mbele ya kompyuta ya mezani. Ni maandishi matupu, mstari una herufi 79 au 80, na kila herufi ina upana sawa na mwenzake. Hata ramani wamezichora kwa herufi: ukuta ni vistari na alama za kujumlisha, sanduku ni X, mlango ni D. Sasa piga hesabu. Kioo cha kigemu kama Miyoo Mini Plus, au RG35XX, kina nukta 640 kwa upana. Gawa kwa 80, kila herufi inapata nukta 8. Kioo chenyewe kina upana wa sentimita 7 na kidogo, kwa hiyo herufi moja haifiki hata milimita. Ukizikuza, mstari unavunjika na kushukia chini, na ukuta wa kaskazini unajikuta umehamia mashariki. Ndiyo hiyo vurugu uliyoiona.

Ukitaka kusoma bila kuumia, tumia simu, uilaze, na uchague fonti ya herufi zenye upana sawa. Kama kigemu chako ni cha Android, kugawa kioo mara mbili kumewezekana tangu Android 7 ya mwaka 2016, lakini utabaki na gemu ukubwa wa stempu na mwongozo ukubwa wa stempu nyingine. Mimi hayo yote nimeyaacha. Nasoma sehemu moja nyumbani nimetulia, naandika mistari mitano kwenye daftari la shule, nafunga simu, nacheza. Mistari mitano ikiisha, nasoma tena.

Na usifanye kama yule kijana niliyepanda naye boti ya Mokowe. Kigemu mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, mwongozo unafunguka kurasa kwa kurasa na bando linaliwa. Tulipotoka kwenye kivuli cha mikoko likaja wimbi moja la ubavu. Simu aliikamata. Kigemu kilipita katikati ya mbao kikaingia kwenye maji ya ngama, na nahodha akakivua kwa kopo la kukumbia maji, kimechanganyika na maganda ya ndizi. Jioni kiko mezani kwangu. Nilipokifungua, chumvi ilikuwa imeshaanza kukauka nyeupe kwenye kitako cha betri. Kijana hakuuliza kama kitapona. Aliuliza kama seva yake ipo, yaani pale alipokuwa ameihifadhi gemu. Ipo, kwa sababu kadi ilisalimika. Vitufe viwili ndivyo vilivyokufa.

Nacheza StarTropics. Manowari inanitaka namba na nimepekua kila kisiwa. Mwongozo nilionao umekatika kabla ya hapo. – Msomaji, Shela

747.

Sasa kaa nikueleze, maana hili ndilo neno ninalolirudia hadi nimeitwa kasuku. Namba hiyo haimo ndani ya gemu. Nintendo walipoitoa StarTropics mwaka 1990, ndani ya boksi walitia barua ya karatasi. Ukifika mahali fulani unaambiwa uilowanishe barua ya mjomba, na ni barua ya kweli, siyo ya kwenye kioo. Unaitia majini, maandishi yaliyofichika yanatokeza, na namba ndiyo hiyo. Mwenye kaseti bila boksi alikwama kama ulivyokwama wewe, hata angekuwa na akili za malaika.

Metal Gear Solid ya 1998 ni vilevile. Unaambiwa masafa ya redio ya Meryl, mwenzako ndani ya gemu, yako nyuma ya kasha la CD. Kasha gani? Sisi CD zetu zilikuwa za kuchoma, zimo ndani ya mfuko wa nailoni, na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mimi na binamu yangu tulizungusha ile redio masafa baada ya masafa, tangu isha hadi watu wazima wakatufukuza sebuleni, tukijua kasha ni kitu kimojawapo ndani ya gemu ambacho hatujakiokota. Ni 140.15. Mngejua ni jioni ngapi zimekwenda.

Kwa hiyo kuna vitu viwili, na nyinyi mnavichanganya. Kuna kijitabu kilichokuja na gemu, na kuna mwongozo ulioandikwa baadaye na mtu aliyekwisha kuimaliza. Kijitabu ni sehemu ya gemu. Waundaji walijua utakisoma, kwa hiyo mambo mengi hawakuyaeleza tena kwenye kioo, maana kaseti za wakati ule zilikuwa na nafasi finyu. The Legend of Zelda ya 1986 inakuweka uwanjani bila upanga na bila neno moja la kukuelekeza. Aliyesoma kijitabu alijua mshumaa ni wa nini na bomu ni la nini. Wewe unaiwasha leo, unaona haieleweki, unasema watu wa zamani walikuwa wakatili. Hawakuwa wakatili. Walikupa karatasi ukaitupa. Vijitabu vingi vimepigwa picha na vinasomeka kwenye simu, na vingi havizidi kurasa 50. Anza hapo. Mwongozo uje ukishindwa.

Castlevania II: mwongozo unasema nipige goti mwisho wa njia penye ukuta wa mwamba. Nimepiga goti mpaka basi. – Msomaji, Pate

Umeshika jiwe jekundu? Kuwa nalo mfukoni hakutoshi. Lichague, piga goti, tulia mpaka kimbunga kije. Hii ni gemu moja ambayo sitakulaumu kwa kukimbilia mwongozo. Wanakijiji wake kwa Kiingereza wanaongea kama watu waliogombana na mfasiri.

Fundi, niliseva kwenye gemu, nikazima kigemu, kesho yake niko palepale pa juzi. Kadi mbovu? – Msomaji, Faza

Swali hili ni la nne tangu mwezi uandame. Nalijibu kwa mara ya mwisho.

Seva ni mbili. Ya kwanza ni ya gemu yenyewe, ile ambayo kwenye kaseti ilitunzwa na betri ndogo ya duara. Siku hizi emuleta, ile programu inayojifanya mashine ya zamani, inaiandika kama faili. Lakini emuleta nyingi, RetroArch ikiwemo, haziiandiki kwenye kadi dakika ileile. Zinaishika kichwani na kuiandika unapotoka kwenye gemu, isipokuwa umeziagiza kwenye mipangilio ziandike kila baada ya muda. Wewe ulibana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi. Kilichokuwa kichwani kimekwenda na umeme.

Seva ya pili ni ya emuleta. Hii inaigandisha gemu nzima kama ilivyo, adui akiwa hewani amekunja ngumi. Tamu sana, na ndiyo iliyowaharibu. Ndani ya huo mgando imo pia seva ya gemu kama ilivyokuwa saa ile. Ukigandisha Jumatatu, ukaseva kwa njia ya gemu Jumanne na Jumatano, kisha Alhamisi ukafungua ule mgando wa Jumatatu, umejirudisha Jumatatu. Ukiseva tena hapo, Jumanne na Jumatano zimezikwa. Seva ndani ya gemu, toka kwa menyu, kisha zima. Mgando uuache kwa siku boti imefika gatini na wewe uko katikati ya bosi.

Na kadi iliyokuja bure ndani ya boksi la kigemu, itoe leo. Nimebadilisha nyingi mno kuziamini.

Ni kweli Mew, yule kiumbe adimu, yuko chini ya lile lori kwenye Pokémon? Programu ya akili mnemba imenipa hatua zote, moja hadi tisa. – Msomaji, Langoni

Hayuko. Lori lipo, Mew hayupo, na hakuwapo tangu 1996. Uongo wa miongozo ni wa kale: mwaka 1992 gazeti la Electronic Gaming Monthly lilifanya mzaha wa Aprili Mosi kwamba kuna mpiganaji wa siri kwenye Street Fighter II, Sheng Long, na watu wakajichosha vidole. Lakini lile lilikuwa gazeti na mzaha wake ulijulikana. Hiyo programu yako inakupangia hatua tisa za kitu kisichokuwapo kwa sauti ya imamu. Mwongozo mwema umeandikwa na mtu aliyepita njia hiyo. Utamjua kwa sababu mahali fulani atalalamika.

Mwanangu ana miaka 11, anashinda na kigemu, na akikwama anasoma makurasa na makurasa ya Kiingereza. Nimkataze? – Mama, Matondoni

Kusoma usimkataze, dada yangu. Mtoto anayepekua kurasa arobaini za Kiingereza kutafuta ufunguo mmoja anasoma kwa makini kuliko anavyosoma kitabu cha shule, na mwalimu wake akiambiwa hataamini. Mimi mwenyewe maneno mengi nimeyapata huko, mengine mpaka leo nayajua kwa maana ya gemu tu. Mwombe akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Akiweza, ameelewa. Akiweza kukiandika, niletee, maana nimechoka kuona hakuna anayetuandikia miongozo kwa lugha yetu na sote tunajua kulalamika.

Cha kumkataza ni kulala na kigemu kinachaji juu ya godoro. Na siku ukiona mgongo wa kigemu umeinuka au kifuniko hakikai sawa, betri imevimba: kizime, usikichaji, usimwache akibonyeze kirudi.

Sonic yangu inakimbia polepole kuliko ninavyoiona kwenye video. Kigemu hakina nguvu? – Msomaji, Mkunguni

Kina nguvu za kutosha. Sonic ni ya 1991. Emuleta yako imewekwa kwenye mfumo wa Ulaya. Televisheni za mfumo huo, PAL, zikiwemo zetu Kenya, zilikwenda picha 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani 60. Gemu nyingi zilihamishwa bila kurekebishwa, zikapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, muziki na yote. Ingia kwenye mipangilio, chagua Marekani. Na miongozo mingi inayokuhesabia sekunde inahesabu kwa 60.

Kigemu kipya hakichaji kwa chaja ya simu yangu, yenye waya wa Taipu-C pande zote mbili. – Msomaji, Kipungani

Tumia waya wenye USB pana upande wa chaja. Vigemu vya bei nafuu vingi viko hivyo. Usikirudishe.

Wewe unatusema kila siku. Je, mtu acheze bila mwongozo kabisa? – Msomaji, Mkomani

Sikusema hivyo. Kuna gemu zinazodai mwongozo kwa ubabe. Final Fantasy XII ya 2006 ina mkuki, Zodiac Spear, ambao ni kama umeukosa ukifungua sanduku lolote kati ya manne fulani, na hakuna kiumbe humo ndani wa kukuonya. Masanduku ni ya kufunguliwa, ndiyo desturi, halafu wewe uadhibiwe kwa desturi. Kitu kama hicho kiliwekwa kuuza vitabu, huo ndio msimamo wangu. Na vitabu vyenyewe! Kile rasmi cha Final Fantasy IX kwa Kiingereza, mtu alitoa pesa akanunua, akafungua, akakuta kila mara anaelekezwa aingie kwenye mtandao wa PlayOnline apate jibu kamili. Mwaka 2000, na intaneti ya simu ya waya.

Kwa hiyo kwenye mambo ya kukosa milele, chungulia. Kwenye mengine, kosea. Mpwa wangu alicheza Link's Awakening bila mwongozo. Dukani kuna upinde wa 980, yeye hana 980. Akamzunguka muuza duka, alipogeuka tu, akatoka nao mbio. Akacheka mpaka akalala chini. Kisha kila mtu kisiwani akaanza kumwita Mwizi. Jina lake limefutika, limekaa hilo. Aliporudi dukani, muuza duka akamuua papo hapo. Mgando wa emuleta ungemfutia yote kwa vitufe viwili, lakini hakuujua, akaimaliza gemu nzima anaitwa Mwizi. Huo ni mwaka wa tatu sasa, na hapa barazani akipita bado tunamwita hivyo.

Fundi, naomba kuazima daftari lako la Zelda. – Msomaji, Shela

La. Njoo na lako tubadilishane, na lisiwe jipya.