Jibu: Tukaririshe ngeli au tuwaache wazungumze?

Mwalimu wa Kayole, nimekuelewa: mkuu wa idara anataka uache majedwali ya ngeli ufundishe kwa mazungumzo tu, na Gredi ya 6 bado wanasema "kitabu yangu".

Usichague upande. Mbinu ya mawasiliano, yaani kufundisha lugha kwa kuizungumza, ilishika kasi Ulaya miaka ya 1970, ikiwalenga zaidi watu wazima waliojifunza lugha za kigeni. Watoto wako wanapiga Sheng kutwa, kuongea si shida yao. Upatanisho wa ngeli ndio shida: kusema "kitabu changu", si "kitabu yangu". Gumzo tupu litakomaza makosa yale yale. Majedwali nayo, yakibaki ubaoni, huishia kwenye mtihani.

Jaribu hivi: wawili wawili, wapatane bei ya viatu kama wako soko la Gikomba. Sikiliza bila kukatiza (inauma, najua), ukiandika makosa. Kisha mazoezi mafupi ya ngeli ya KI-VI pekee: kiatu hiki, viatu vyangu. Halafu igizo lirudiwe. Walimu wengi huruka hapo kwa haraka ya kengele, ilhali ndipo sarufi inapohamia mdomoni. Sheng usiipige marufuku.

Asiyeweza kusoma hata sentensi fupi, usimlazimishie mbinu yoyote. Zungumza na mzazi, apimwe macho na masikio, kisha afike EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu.