Koma ya Kiingereza haifuati pumzi

SWALI: Nilifundishwa kuweka koma pale msomaji anapovuta pumzi. Mbona insha zangu za Kiingereza hurudi zimejaa masahihisho ya koma?

JIBU: Kanuni hiyo ya pumzi ndiyo inayokuponza. Koma ya Kiingereza hufuata muundo wa sentensi. Tafuta kwanza kiima na kitenzi chake, na usivitenganishe kwa koma moja hata kiima kiwe kirefu namna gani. "The students who came late, were sent home" ni kosa, ingawa ulimi unataka kutua baada ya "late".

Kisha hesabu vishazi huru, yaani vipande vinavyoweza kusimama peke yake. Vikiwa viwili, koma tupu haiwezi kuviunga: "The road was closed, we walked" ni kosa, tena la kila siku. Weka nukta au nukta-mkato, ama bakiza koma na uongeze kiunganishi: "The road was closed, so we walked." Viunganishi vya kazi hii ni saba: for, and, nor, but, or, yet, so. "However" haimo, na hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa kuwa kwetu "lakini" na "hata hivyo" hupokezana bila shida. Andika: "It rained; however, the match continued."

Kishazi tegemezi kikitangulia, kifuatishe koma: "When the bell rang, we left." Kikija mwisho, kwa kawaida haihitajiki.

SWALI: "My brother who lives in London is ill" ikitiwa koma, maana hubadilika?

JIBU: Hubadilika kabisa. Bila koma, una kaka kadhaa na unamtaja yule wa London. Ukiandika "My brother, who lives in London, is ill", kaka ni mmoja, na London ni habari ya nyongeza tu. "Ambaye" yetu hubeba maana zote mbili, ndiyo maana tofauti hii hutuponyoka. Jaribu kukiondoa kipande hicho: kama msomaji bado anajua ni nani, tia koma, tena mbili. Kusahau ya pili ni kosa la kawaida mno.

SWALI: Koma kabla ya "and" ya mwisho katika orodha ni lazima?

JIBU: Si lazima. Magazeti mengi ya Uingereza huiacha, vitabu vingi vya Marekani huiweka. Shika mtindo mmoja. Lakini maana ikiyumba, iweke. Sheria ya malipo ya saa za ziada ya jimbo la Maine, Marekani, ilipotaja kazi zisizolipiwa, iliandika "packing for shipment or distribution" bila koma kabla ya "or". Je, usambazaji ni kazi ya peke yake, au ni sehemu ya ufungashaji? Madereva wa kampuni ya maziwa walishtaki, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona utata huo uwanufaishe wao. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo likaiandika upya orodha hiyo, likatenganisha kazi kwa nukta-mkato.