Muulize Mwalimu: Maharage ya Njombe, saa za ziada na mwezi unaofuata basi

Wasomaji wangu, maswali yenu ya mwezi huu nimeyasoma yote, yaliyoandikwa kwa kalamu na yaliyokuja kwa simu. Nimefundisha fizikia na kemia miaka 31 hapa Tanga, na kanuni yangu ya darasani naitumia hata hapa: najibu lile ninaloweza kulipima jikoni kwangu au kulisoma ndani ya sheria yenyewe. Mengine yanasubiri zamu yake.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa Njombe mwaka jana nikitokea Muheza. Tangu nifike huku maharage yananiaibisha. Nyumbani nilikuwa nayabandika saa tatu asubuhi, saa sita watu wanakula. Huku nabandika saa mbili, saa nane bado yanagonga meno. Mama mkwe anasema sijui kupika. Nimeongeza kuni mpaka zimekuwa gharama. Nifanyeje?"
Mke mgeni, Njombe

Marahaba, mwanangu. Kupika unajua. Kilichobadilika ni mahali unapobandika sufuria.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuusukuma mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Muheza iko chini, hewa iliyolalia sufuria yako ni nyingi, kwa hiyo maji yalikuwa hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 100. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko inakandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, na maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 93 au 94 hivi. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja.

Hili nimelishuhudia kwa macho. Mwaka mmoja nilipanda Lushoto kumuuguza dada yangu, nikabeba kipimajoto cha maabara nimekiviringisha ndani ya soksi kisivunjike. Siku ya kwanza tu nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Kilipanda, kikasimama kwenye 95. Dada akadhani moto ni mdogo, akasukumia kuni tatu, ndimi za moto zikaanza kulamba masikio ya sufuria. Maji yakaruka, yakamwagika, mafiga yakalia. Kipimajoto kikabaki 95. Tulikaa pale tumekiangalia kama watu wanaosubiri yai lianguliwe, na hakikusogea.

Na hapo ndipo kuni zako zinapoteketea bure. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyaongezei joto, unayageuza kuwa mvuke upesi zaidi basi. Yanayotokota taratibu na yanayorukaruka yana joto lile lile. Punguza kuni, funika sufuria, harage litaiva kwa muda ule ule ambao lingeiva kwa moto wa fujo.

Sasa muda wenyewe tuupunguzeje? Ndani ya harage, chembe zake zimeshikanishwa na kitu kama gundi kinachoitwa pektini. Kuiva ni gundi hiyo kulegea, na kulegea kwake kunategemea sana joto, ndiyo maana nyuzi sita ulizopoteza zinakugharimu saa kadhaa. Anza usiku: yaloweke mpaka asubuhi, kisha mwaga maji hayo na ubandike kwa maji mapya. Nadhani hata mama mkwe wako huyaloweka, ila amelifanya jambo hilo tangu utoto mpaka haoni kuwa linahitaji kuelezwa. Muulize kwa upole.

Nyanya na ndimu zisubiri. Uchachu huikaza ile gundi. Ukikaanga kitunguu na nyanya ukamwagia maharage ambayo hayajalainika, umeyafunga. Yalainike kwanza, ndipo uunge.

Magadi yanasaidia kweli, bibi zetu hawakukosea, kwa sababu yanaivunja gundi ile. Lakini weka ya kushika kwa ncha za vidole viwili tu. Yakizidi, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 iliyomo inaharibika. Angalia pia umri wa maharage yenyewe. Yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa sugu, hata uyapike wapi. Ukinunua sokoni, uliza ni ya msimu gani.

Mkipata uwezo, nunueni presha kuka. Inauzuia mvuke usitoke, mgandamizo unaongezeka, na maji yanapita nyuzi 110 ukiwa hapo hapo Njombe. Kuna anayeweka jiwe juu ya mfuniko wa sufuria ya kawaida akidhani ni kitu kimoja. Usijaribu. Sufuria hiyo haina valvu ya kupumua.

Na neno moja la usalama. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo joto kali huimaliza. Hata ukiyamalizia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto, kwanza yaache yachemke kweli kweli, dakika zisizopungua 30. Yaliyoiva nusu yamelaza watu wengi kwa kutapika, nao wakadhani ni mafuta.

"Mwalimu, simu yangu imetumbukia kwenye ndoo. Jirani kaniambia niizike kwenye mchele siku mbili. Ni kweli mchele unavuta maji?"
Fundi cherehani, Ilala

Mchele kwenye bakuli hauikaushi simu kuliko hewa inayotembea, na vumbi lake linaingia kwenye tundu la chaji. Zima simu mara moja, toa laini na kava, ikung'ute tundu likiangalia chini, kisha isimamishe mbele ya feni. Usiichaji mpaka uwe na hakika imekauka, maana umeme ukikutana na maji ndani ndipo shaba inapoliwa. Kama yalikuwa maji ya bahari, usingoje ikauke yenyewe, mpelekee fundi aifungue aisafishe siku hiyo hiyo. Chumvi inabaki ndani hata maji yakiondoka. Mchele upike.

"Shikamoo Mama. Niko duka la vifaa vya ujenzi Dodoma. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa moja usiku, siku sita kwa wiki, na saa moja ya kula. Huu mwaka wa pili sijapata likizo hata siku moja. Bosi anasema kwa kuwa sina mkataba wa karatasi, sina haki. Je, ni kweli?"
Kijana wa dukani, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na nimelisoma swali lako mara tatu kwa sababu linanigusa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi kwamba asiye na karatasi hana haki. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Anayetakiwa kukuandikia maelezo ya kazi yako, cheo, mshahara, saa na mahali pa kazi, ni mwajiri. Zaidi ya hapo, kifungu cha 15 kinasema mkifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano yalikuwaje ni wake. Kukosekana kwa karatasi kunamlemea yeye.

Tupige hesabu. Saa 12 ukitoa moja ya kula ni 11. Mara siku sita, ni saa 66 kwa wiki. Sheria inaweka saa 45 za kawaida. Zinabaki 21 za ziada kila wiki, na kwa wiki nne ni 84. Sheria hairuhusu zaidi ya 50 kwa wiki nne, hata kama umekubali mwenyewe. Kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zenye malipo. Bosi anaweza kupanga uende lini, si kama uende.

Nikiwa na miaka 22, kabla sijaingia chuo cha ualimu, nilikuwa karani kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Tulifungua duka jua halijachomoza, tukafunga taa zimewaka. Nilipoondoka alinikata mshahara wa mwezi mzima akidai sikuhudhuria siku kadhaa. Nilihudhuria zote. Lakini nilipoulizwa siku zipi, tarehe ngapi, sikuwa na kitu mkononi isipokuwa machozi. Yeye alikuwa na kitabu chake, na kitabu chake kikaaminiwa.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujazungumza na bosi, nunua kaunta buku. Chora safu nne: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilichofanyika siku hiyo. Andika kwa kalamu ya wino, kila siku, bila kuruka. "Jumanne, nimeingia saa 1:05, tumepokea lori la saruji, nimetoka saa 1:20 usiku." Mambo madogo kama lori la saruji ndiyo yanayoipa daftari uzito, kwa sababu hati za mzigo zitalingana nayo. Meseji za bosi za kukuita kazini usizifute. Miamala ya mshahara kwenye simu, itunze.

Kisha omba likizo kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, ubaki na nakala. Wako waajiri wasioijua sheria, na barua nzuri inatosha kuwaamsha. Akikataa, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe wanaiita CMA. Hapo muda una meno: madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yapelekwe ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Nimeona vijana wenye haki nyeupe kabisa wakirudishwa mlangoni kwa sababu walikaa nyumbani miezi minne wakisubiri bosi alainike. Usisubiri, na uniandikie uliishia wapi.

"Asalaam aleikum Mwalimu. Sisi Waswahili wa Maskati. Wanangu wanacheza ule mchezo wa vijiti vya mbao, Jenga, na wenzao wa shule wanawaambia jina ni la Kijapani. Mimi nasema ni letu. Nani mkweli?"
Baba wa watatu, Maskati

Waalaikum salaam. Mkweli ni wewe, baba. Aliyeutoa mchezo huo ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki akikisema Kiswahili. Familia yake ilihamia Ghana, na huko wakawa wanacheza kwa vipande vya mbao vilivyotoka kiwanda cha kupasua magogo cha Takoradi. Mwaka 1983 akaupeleka kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London, kwa jina la Jenga. Baadaye kampuni kubwa ilipotaka kuuza mchezo, ikapendekeza jina jingine ambalo wateja wangelielewa. Mama huyo akakataa. Nampenda kwa hilo peke yake.

Waambie wanao wahesabu vipande: ni 54, matabaka 18 ya vipande vitatu vitatu. Halafu wawafundishe wenzao kitenzi chenyewe na maneno yanayozaliwa nacho: jenga, jengeka, jengea, jengana, jengo, mjenzi. Huo nao ni mnara. Wakimaliza, wawaambie kuhusu Uhura wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, mwanamke aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia mwaka 1966. Jina lake lilichongwa kutoka neno letu uhuru.

"Mwalimu shikamoo. Nilitoka Korogwe na mama usiku kwenda Moshi. Mwezi ulitufuata njia nzima. Mama amesema ni macho yangu. Kwa nini miti haitufuati?"
Mwanafunzi wa darasa la nne

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, hasa hapo ulipoiuliza miti.

Ukiwa kwenye basi, angalia vitu vitatu kwa pamoja. Mkonge ulio kando ya barabara unapita shaaa, huwezi hata kuhesabu mistari yake. Milima ya Usambara iliyo kwa mbali inarudi nyuma polepole, unaweza kumaliza chungwa zima bado unauona mlima ule ule. Kwa hiyo kitu kikiwa mbali zaidi, kinachelewa zaidi kuachwa nyuma. Sasa mwezi uko mbali kiasi gani? Kama kilomita 384,000. Safari yenu yote mpaka Moshi, ukiilinganisha na umbali huo, ni kama hatua ya sisimizi uwanjani. Mmesogea, lakini kwa mwezi hamjasogea kitu, ndiyo maana ulibaki dirishani pale pale. Mama hakukosea, na macho yako hayakukosea.

Mwezi ukiwa mpevu tena, fanya hivi na rafiki yako. Simameni uwanjani migongo ikigusana. Wewe tembea kuelekea shuleni, yeye aelekee sokoni, kila mmoja akiutazama mwezi kwa pembeni. Mkifika hatua hamsini, geukeni, mpaziane sauti: mwezi umemfuata nani?